Mbabula

Mwezi wa saba, Katuba. Umeme umekatika tangu saa moja.
Baridi ya Lubumbashi haina adabu:
inaingia bila hodi, inakaa kwenye simiti, inanyoosha miguu.
Nimeweka daftari magotini,
ninakokotoa joto la kwanza la ulimwengu
kwa vidole vinavyoshindwa kushika kalamu.

Watu husema mwanzo ulikuwa moto.
Labda. Lakini kabla ya moto ule
anga lilitanuka upesi kuliko neno "tanuka",
kila chembe ikaachwa peke yake
kama punje moja ya mahindi katika kiwanja cha mpira usiku.
Hata kivuli hakikuwapo; kivuli nacho huomba taa.
Palibaki kitu kinachoyumba chini ya bonde lake,
huku, huko,
huku, huko,
kimebeba moto wote na hakijui kuukohoa.

Nsenga anatoka na mbabula.
Anachana ukurasa wa saba wa daftari langu
(ule wenye kosa, nadhani; simzuii)
anausokota, anautia kibiriti.
Waa! Uso wake wote, ukuta wote, mpaka kamba ya nguo.
Kabla sijafikisha mikono, umekwisha.
"Ile haiko moto," anasema. "Ile iko tangazo."

Ninacheka peke yangu.
Dada yangu hajasoma fizikia, na amenisomea sura ya tatu.

Baba alivuta nyaya za shaba miaka ishirini na miwili,
alipima unene wa waya kwa kucha ya kidole gumba.
Nyuzi zangu mimi hazipimwi kwa kucha.
Zinadai vipimo sita zaidi, vilivyokunjwa
kama noti katika fundo la kitenge cha mama:
unajua ipo, huioni, na safari yote inaitegemea.
Kila kunjo lina ukubwa wake,
na ukubwa huo nao huyumba gizani.
Moduli, ndilo jina lao. Wavivu.
Hawamgusi mtu ila kwa uzito.
Mwanga wa kwanza unachujuka, anga linazidi kupanuka,
wao wamekaa tu,
mpaka siku moja karibu mali yote ya ulimwengu ni yao.

Chini ya mbabula kuna kaa moja kubwa, bichi,
lililonyeshewa njiani kutoka Kasenga, au muuzaji alilimwagia maji lizidi uzito.
Nsenga anapepea kwa kipande cha katoni.
Moshi unaruka ukuta, unakwenda kwa jirani.
Hilo nalo limo katika hesabu:
joto fulani huvuja kwa jirani tusiyemwona,
tunamjua kwa jumla isiyotimia.

"Ikikawia tena," anasema, "leo hakuna bukari."
Ndiyo, Nsenga. Ndicho kikomo chenyewe.
Kaa la mwisho likichelewa kuvunjika
chungu cha kwanza hakiivi sawasawa:
haidrojeni kwa kipimo kibaya, heli kwa kipimo kibaya,
na nyota zingezaliwa na njaa nyingine kabisa.

Sasa limeshika.
Hakuna ulimi wa moto, hakuna kelele,
ni wekundu tu unaotembea kutoka ndani kwenda nje
kama mtu aliyekubali jambo baada ya kulikataa mwaka mzima.
Vidole vyangu vinarudi, kimoja kimoja, kwa maumivu.
Maji yanaanza kuimba kwenye sufuria.
Anayekuja sasa kuota moto
hawezi kusema kama karatasi iliwahi kuwaka hapa;
joto la mwisho limefuta la kwanza, jivu na yote.

Ninashika kalamu. Ninafungua daftari nirekebishe.
Kosa bado lipo, limetulia, ukurasa wa nane.

Nsenga anamimina unga.
Simwambii.